MOTOKAA INAPOKIMBIA BILA DEREVA KUTAKA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na majirani katika mkutano wa Migwani)



Wengi wenu mwatujua. Sisi ni watoto wa hapa Migwani ambao kazi yetu ni ya reli, na siku nyingi za mwaka tuko Kibwezi, Mtito Andei au Voi. Tangu barabara ya lami ilipojengwa kutoka Kibwezi kupita Mutomo, Kitui na Kabati hadi hapa, safari ya kurudi nyumbani imekuwa nyepesi. Lakini barabara hiyo hiyo imetuletea motokaa nyingi, na leo twataka kusema habari ya motokaa inayokimbia bila dereva kutaka.

Mnayajua yaliyotupata. Kikundi chetu kiliweka akiba kidogo kidogo kutoka katika mishahara, tukanunua motokaa iliyotumika kutoka Japani, ya otomatiki, ili ichukue abiria siku za soko na kuwapeleka wagonjwa hospitali usiku. Tulimwajiri mwenzetu mmoja awe dereva. Alikuwa mtu mpole, asiyegusa pombe.

Siku moja ya soko alipanda ile miinuko ya kuingia hapa akiwa na abiria wanne. Alipofika juu, penye tambarare, aliinua mguu wake ili apunguze mwendo. Motokaa haikupunguza. Iliendelea kuvuta kana kwamba bado inapanda. Akakanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena, na mara ya tatu pedali ikawa ngumu kama jiwe. Aliukata usukani ili asiingie katikati ya watu, akavunja meza ya mama muuza ndengu, akamgonga mzee mmoja mguuni, na motokaa ikasimama kwenye rundo la mchanga. Mguu wa mzee ulivunjika. Twamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekufa.

Jioni ile ile kamati yetu ilikutana. Dereva alisema mara tatu, "Nilikanyaga breki." Nasi tukamjibu, "Ungalikanyaga breki, motokaa ingalisimama." Tulidhani maneno hayo ni hekima. Wengine walisema alilala. Wengine walisema alikanyaga mafuta akidhani ni breki. Wako hata waliosema kuna mtu aliyetutupia uchawi kwa sababu ya wivu. Mwisho tukakata shauri kwamba aache kazi, na alipe meza, ndengu na matibabu ya mzee kutoka mfukoni mwake.

Ndugu, sisi tuliokata shauri hilo ni watu wa reli. Katika kazi yetu, treni ikipita mahali isipopaswa kupita, jambo la kwanza ni kwamba hakuna mtu anayegusa kitu. Pointi huachwa zilivyo, wenzo huachwa ulivyo, wakaguzi huja kutazama, ndipo watu huulizwa. Twajua haya yote. Lakini motokaa ilipokuwa yetu, na fedha zilipokuwa zetu, tulihukumu kwanza, na kukagua hatukukagua.

Baada ya miezi miwili fundi mmoja alikuja kuitengeneza taa iliyovunjika. Aliingia kichwa chini penye miguu ya dereva, akakaa huko muda mrefu, kisha akatuita. Chini palikuwa na mikeka miwili ya mpira, mmoja juu ya mwingine. Wa chini ulikuja na motokaa kutoka Japani, nao una matundu ya kushikwa na ndoana zilizo sakafuni. Wa juu ulikuwa mzito, wa motokaa ya namna nyingine, umekatwa kwa kisu, wala haukushikwa na kitu. Fundi aliikanyaga pedali ya mafuta mpaka mwisho, kama mtu anayepanda mlima, kisha akaachia. Pedali haikurudi. Ilikuwa imeingia chini ya ukingo wa ule mkeka wa juu na kukaa hapo.

Tukanyamaza. Mkeka ule wa juu tuliununua sisi wenyewe, kamati. Tuliununua wakati wa mvua ili udongo mwekundu usichafue motokaa.

Tukamwuliza fundi, "Na breki je?" Akatueleza jambo ambalo mtu wa reli angepaswa kulijua kuliko wote, kwa maana nasi tumefundishwa habari za breki ya vakyumu. Breki ya motokaa nyingi za petroli husaidiwa na vakyumu itokayo katika injini. Njia ya hewa ya injini ikiwa imefunguka kabisa, vakyumu haipatikani. Inabaki ile akiba ndogo tu, nayo yatosha kukanyaga mara moja au mbili. Ukikanyaga, ukaachia, ukakanyaga tena, akiba inakwisha, na mguu wako unabaki peke yake kushindana na injini. Basi dereva wetu alisema kweli. Alikanyaga breki. Alichokosa ni kukanyaga mara moja tu na kushikilia, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumfundisha hivyo.

Baada ya hayo tulianza kuuliza na kusoma, tukaona kwamba jambo hili si la Migwani peke yake. Limewasumbua watu wa nchi kubwa zenye mafundi wengi.

Huko Marekani, katika miaka ya 1980, watu wengi walilalamika juu ya motokaa iliyoitwa Audi 5000. Walisema waliitoa penye P ili waondoke, nayo ikaruka mbele au nyuma na kuingia ukutani, ingawa miguu yao ilikuwa juu ya breki. Mwaka 1986 habari hizo zilionyeshwa katika televisheni, na wanunuzi wakaikimbia motokaa hiyo. Wakaguzi wa serikali walichunguza, na mwaka 1989 wakatoa taarifa kwamba katika mambo mengi ya namna hiyo dereva alikuwa amekanyaga mafuta akiamini ni breki. Lakini hawakuishia hapo. Waliona pia kwamba chombo cha kusawazisha mwendo wa injini katika motokaa hiyo kiliweza kuharibika, injini ikavuma ghafula kwa nukta chache, na dereva aliyeshtuka akakosea pedali. Yaani ubovu mdogo wa chombo ulizaa kosa kubwa la mtu.

Na dawa yake ilikuwa nini? Kuwakemea madereva peke yake hakukutosha. Iliwekwa kufuli katika gia, kwamba motokaa isitoke penye P mpaka mguu uwe juu ya breki. Motokaa nyingi za otomatiki mnazoziona hapa leo zina kufuli hiyo. Sisi wa reli tunaitambua mara moja, kwa maana ni ndugu ya ile mitambo ya stesheni inayofunga signali na pointi pamoja, hata signali isiweze kufunguka kama pointi hazijakaa sawasawa.

Tena sikilizeni habari ya pili. Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na mji wa San Diego huko Marekani, askari wa barabarani aliyekuwa nje ya kazi alikuwa akiendesha motokaa ya Lexus aliyoazimwa na wauzaji wakati yake ikitengenezwa. Ndani walikuwemo watu wanne wa jamaa moja. Motokaa ilikimbia, haikuzuilika, na wote wanne wakafa. Wakaguzi walikuta mkeka wa mpira wa motokaa ya namna nyingine, uliokuwa umebana pedali ya mafuta. Mtu mwingine aliyeazimwa motokaa hiyo hiyo kabla yake alikuwa amepatwa na jambo lilo hilo, akawaambia wauzaji. Ndugu, yule askari alikuwa mtu aliyezoea barabara na hatari zake. Kama yeye alishindwa, dereva wetu ni nani hata tumwite mzembe?

Baada ya hapo kampuni ya Toyota iliita motokaa karibu milioni 4 kwa ajili ya mikeka, na mwezi wa Januari 2010 ikaita nyingine zaidi ya milioni 2 kwa sababu pedali ziliweza kukwama zenyewe. Watu wengine walisema kosa limo katika vyombo vya umeme vinavyoendesha njia ya hewa ya injini. Serikali ya Marekani ikawaita wataalamu wa NASA, wale wanaopeleka vyombo angani, nao katika taarifa ya Februari 2011 walisema hawakuona kosa la umeme liwezalo kufungua mafuta yote kwa ghafula. Hata hivyo, mwezi wa Oktoba 2013, mahakama moja ya jimbo la Oklahoma ilisikiliza wataalamu wengine waliosema programu ya motokaa ina kasoro, na raia waliochaguliwa kuamua kesi wakawapa ushindi walioshitaki. Mwezi wa Machi 2014 Toyota ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.2, kwa kuwa iliwaambia wanunuzi maneno yasiyo ya kweli juu ya hatari ile.

Msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba dereva hakosei kamwe. Tarehe 19 Aprili 2019, huko Ikebukuro katika mji wa Tokyo, mzee wa miaka 87 aligonga watu kwa motokaa yake, na mama mmoja na binti yake wa miaka 3 wakafa. Mzee alisema motokaa ndiyo iliyokosa. Mahakama ilichunguza, ikaona alikanyaga mafuta badala ya breki, na mwaka 2021 ikamhukumu kifungo cha miaka 5. Basi dereva aweza kusema kwa moyo wake wote kwamba alikanyaga breki, kumbe sivyo. Na dereva mwingine aweza kusema maneno yale yale, ikawa ndiyo kweli. Kwa masikio huwezi kuwatenganisha. Utawatenganisha kwa kuitazama motokaa.

Tena Wajapani nao hawakutosheka na kifungo. Wametengeneza kifaa cha kutambua kwamba kuna kitu mbele na mguu umekanyaga mafuta kwa nguvu, kikapunguza nguvu ya injini. Wameweka sheria kwamba kuanzia mwaka 2028 motokaa mpya za otomatiki za abiria ziwe nacho. Lakini sisi hununua motokaa baada ya wao kuzitumia miaka mingi. Kifaa cha 2028 hakitatufikia kesho. Motokaa yetu wenyewe, ukiiwasha asubuhi, husema maneno ya Kijapani, nasi hucheka. Kitabu chake cha maonyo kilikuwa cha Kijapani vilevile, na hapo hapana la kuchekesha.

Reli nayo ilijifunza kwa damu. Tarehe 12 Juni 1889, huko Armagh katika Ayalandi, treni iliyojaa watu wa matembezi ya shule ya Jumapili, wengi wao watoto, ilishindwa kupanda mlima. Wakaikata vipande viwili. Breki ya vakyumu ya siku zile ilipotea mabehewa yalipofunguliwa, yakabaki na breki ya mkono ya gadi na mawe chini ya magurudumu. Mabehewa yakarudi nyuma na kugonga treni iliyofuata. Watu wapatao 80 walikufa. Mwaka ule ule bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba treni za abiria ziwe na breki ya kujifunga yenyewe, mabehewa yote, hata behewa likikatika. Hatari haikwisha ulimwenguni, kwa maana hata majirani zetu Tanzania, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani huko Igandu, mkoa wa Dodoma, ikagonga treni ya mizigo, na watu 281 wakafa. Lakini twaona mafundisho ya reli ni haya: mtu atachoka, atashtuka, atakosea. Kwa hiyo chombo kitengenezwe ili mtu akikosea, kisimame. Na chombo chenyewe kikiharibika, kisimame vilevile.

Sasa tuje kwenye mambo ya kufanya, kwa maana maneno bila kazi ni moshi. Twaomba madereva wayashike haya, nanyi abiria myasikie.

Kwanza, kabla ya kuwasha, tazama chini ya miguu. Uwe mkeka mmoja tu, wa motokaa hiyo, umeshikwa na ndoana zake. Chupa, spana, viazi vya sokoni, vyote vikae mbali na pedali. Kanyaga mafuta mpaka mwisho kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, uone kama pedali inarudi upesi. Na usiendeshe kwa patipati.

Pili, motokaa ikikimbia nawe unadhani uko juu ya breki, inua mguu kabisa, kisha uitafute breki upya, ile pedali pana zaidi, iliyo upande wa kushoto wa ile ya mafuta. Ukiisha kuipata, ikanyage kwa nguvu zako zote, hata kwa miguu miwili, na usiachie. Usikanyage na kuachia, kama tulivyokwisha kusema.

Tatu, sukuma gia mpaka N. Hapo injini haivuti tena magurudumu. Itapiga kelele kubwa. Iache ipige kelele, kwa maana injini hununuliwa na mguu wa mzee haununuliwi.

Nne, ielekeze motokaa kando, isimame, vuta breki ya mkono, ndipo uzime. Kama motokaa bado inakwenda, usiuondoe ufunguo, maana usukani waweza kujifunga. Zile zinazozimwa kwa kubonyeza kitufe, mara nyingi ikiwa ziko mwendoni sharti ukishikilie kwa nukta kadhaa. Kugusa mara moja hakutoshi.

Tano, usiiname kamwe kuvuta mkeka kwa mkono motokaa ikiwa inakwenda. Macho yakitoka barabarani umekwisha kuzidisha hatari.

Haya yote yafanywe mazoezi mahali peupe, polepole, kabla ya siku ya taabu. Mtu aliyeshtuka hafikiri. Hufanya lile ambalo mkono na mguu vimelizoea.

Sasa lipo jambo la mwisho, nalo ndilo lililotuleta mbele yenu. Kikundi chetu kimekutana tena, na haya ndiyo tunayoyaleta mbele ya mkutano.

La kwanza, mwenzetu dereva arudishiwe kazi yake leo, na fedha alizokwisha kulipa arudishiwe zote. Twasema mbele ya mke wake na wazee wake kwamba tulimkosea. Alikaa miezi miwili bila mshahara, na watoto sokoni walimwita muuaji, ingawa hakuua mtu. Tumekwenda nyumbani kwake kumwomba msamaha kabla ya kuja hapa, lakini aibu aliyoipata hadharani yapaswa kuondolewa hadharani.

La pili, matibabu ya mzee, na meza na ndengu za mama, vilipwe na kikundi, kwa sababu mkeka ni wa kikundi. Na mashamba ya mzee yalimwe kwa mwethya msimu huu, sisi wa reli tukiwa wa kwanza kushika majembe. Atakayekosa ruhusa ya kazi atume mtu badala yake.

La tatu, twaliomba tawi la chama lipeleke neno hili kwa waajiri wote wenye madereva: motokaa ikipata ajali ya namna hii, isisogezwe wala kusafishwa kabla ya kukaguliwa, na mjumbe wa wafanyakazi awepo. Dereva asitiwe kalamu mkononi kuandika kwamba amekosa kabla chombo hakijatazamwa. Kama amekosa, ukaguzi utasema. Kama hakukosa, ukaguzi utasema pia.

Ndugu, tumewaambia waajiri mara nyingi kwamba mfanyakazi asihukumiwe bila kusikilizwa. Nasi tulipokuwa waajiri wa mtu mmoja tu, tuliyafanya yale yale tunayoyapinga. Twaona haya kusema hivyo, lakini ni afadhali tuyaseme wenyewe kuliko kusemwa. Ule mkeka wa juu tumekuja nao, uko hapa mezani. Atakayependa aje autazame ukingo wake kabla mikono haijainuliwa kupiga kura.